Shina Kabla ya Ua

Mboga nyingi humsubiri mpishi. Kabichi iliyofunga hukaa shambani siku kadhaa bila kuharibika, boga huwekwa darini kwa miezi, na majani ya sukuma wiki huchumwa leo au keshokutwa pasipo mlaji kutambua tofauti. Kailani haisubiri. Mboga hii ya China ya kusini, ambayo Wakantoni huiita gai lan na Wathai huiita khana, ina siku chache tu ambazo shina lake limenenepa na kujaa maji, na vitumba vyake vya maua vimejitokeza bila kufunguka. Ukizipitisha siku hizo, unachokata ni kitu kingine, kigumu na chenye nyuzi zinazokwama menoni. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba kailani ni mboga ya bustani ya nyumbani kuliko mboga nyingine yoyote ya ukoo wa kabichi. Sababu yake si bei, wala si fahari ya kula ulichokilima. Ni kwamba anayeipika hana budi awe ndiye anayeamua saa ya kuikata. Miaka ya kuilima na kuipika imenithibitishia jambo hilo, ingawa vitabu vya mapishi huanza hesabu yao pale mboga inapofika jikoni.

Kitaluni mche wake hautofautiki sana na mche wa sukuma wiki, na si ajabu, kwa kuwa kwa wataalamu wa mimea kailani, sukuma wiki, kabichi, koliflawa na brokoli ni spishi moja, Brassica oleracea. Binadamu wameigeuza kwa kuchagua mbegu, kila jamii ikipendelea sehemu yake. Walioitaka kabichi walipendelea majani yanayojikunja yakawa kichwa, walioitaka koliflawa walipendelea kishada cha maua kilichodumaa, na walioitaka sukuma wiki walipendelea jani lenyewe. Wakulima wa Guangdong na majirani zao walipendelea chipukizi: shina lenye unene wa kidole gumba, majani machache mapana ya kijani chenye ubuluu, na kikundi kidogo cha vitumba juu yake. Kwa hiyo mtu anayeipima kailani kwa wingi wa majani anaipima kwa kipimo cha mboga nyingine. Mmea unapojiandaa kuchanua, shina hurefuka haraka, nalo hujaa maji na sukari inayopelekwa kwenye vitumba. Huo ndio wakati wake. Maua yakishafunguka, kazi ya shina hubadilika. Sasa linatakiwa kubeba maganda ya mbegu, na mmea huliimarisha kwa ligini, dutu ileile inayoufanya mti uwe mti. Ugumu huanzia chini kwenda juu na nje kwenda ndani, ndiyo maana shina lililochelewa kidogo huokolewa kwa kumenywa, na lililochelewa sana haliokolewi kwa chochote. Ua jeupe la kwanza likifunguka, kata siku hiyohiyo. Anayetaka uhakika zaidi akandamize ukucha kwenye shina karibu na pale anapokusudia kukata. Ukizama bila kukwama, hapo ni pake.

Kuna saa nyingine inayoanza kuhesabiwa baada ya kisu. Shina lililokatwa halijafa. Linaendelea kupumua, na chakula chake ni sukari iliyomo ndani yake. Vitumba hupumua kwa kasi kubwa zaidi, na ndiyo sababu brokoli, iliyo vitumba vitupu, husafirishwa ikiwa imefunikwa barafu. Katika joto la nyuzi 25 au 30, utamu wa kailani huanza kupungua siku ileile iliyokatwa, na uchungu uliokuwa ukisawazishwa na utamu huo hubaki peke yake. Msomaji atasema kwamba majokofu yapo. Ni kweli, na ubaridi wa karibu nyuzi sifuri wenye unyevu mwingi huiweka kailani katika hali nzuri kwa siku nyingi. Lakini jokofu hupunguza kasi ya kinachopotea baada ya kukata. Halina uwezo juu ya uamuzi wa kukata. Mkulima anayeuza kwa uzito ana sababu nzuri ya kungoja shina liongeze gramu chache, na anayelipa vibarua ana sababu nzuri ya kuvuna tuta zima kwa siku moja, ijapokuwa mimea haikomai siku moja. Simlaumu, hayo ndiyo masharti ya kazi yake. Historia ya biashara yenyewe inaonyesha hivyo. Pishi la nyama ya ng'ombe na brokoli, linalojulikana katika kila mkahawa wa Kichina huko Marekani, lina asili katika pishi la Kikantoni la nyama na kailani. Wapishi wahamiaji walitumia mboga waliyoikuta sokoni, na sokoni ilikuwepo brokoli, iliyokuwa ikienezwa na wakulima wenye asili ya Italia kama kina D'Arrigo, walioilima San Jose, California, tangu miaka ya 1920. Mwaka 1993 kampuni ya mbegu ya Sakata, ya Yokohama nchini Japani, ilichanganya brokoli na kailani ikapata chipukizi jembamba linalojulikana kama brokolini, na machipukizi ya aina hiyo hulimwa Kenya pia, kwa ajili ya maduka makubwa ya Uingereza. Biashara, basi, iliitambua thamani ya shina la kailani, ikaliunganisha na mboga ambayo wanunuzi wa Magharibi walikwisha kuizoea. Kailani halisi iliachiwa masoko ya Wachina, na bustani.

Pingamizi lenye uzito zaidi kwetu sisi wa Afrika Mashariki ni la sukuma wiki. Kwa nini mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi apande mboga inayompa chipukizi mara chache, ilhali mmea wa spishi hiyohiyo humpa majani kila wiki kwa miezi mingi? Kama swali ni uzito wa chakula kutoka tuta moja kwa mwaka mzima, sukuma wiki inashinda, na mwenye nafasi ya mboga moja tu apande sukuma wiki. Sina hoja ya kuipinga. Wala sidai kwamba kailani ina lishe ya ajabu ambayo dada yake hana. Watafiti Robert Heaney na Connie Weaver walipopima mwaka 1990 jinsi mwili unavyofyonza madini ya kalsiamu kutoka kwenye majani ya keli, jamaa wa karibu kabisa wa sukuma wiki, walikuta yakifyonzwa vizuri, zaidi kidogo ya yale ya maziwa, kwa kuwa majani ya ukoo huu hayana wingi wa asidi ya oksaliki inayoyafunga madini hayo ndani ya spinachi. Sifa hiyo ni ya ukoo mzima. Tofauti iko kwenye kile kinachotafunwa. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba na kukaangwa kwa kitunguu na nyanya hutupa mboga laini ya kusindikiza ugali. Vikonyo vyake vikubwa hutupwa au hupewa mifugo. Kailani huleta mezani kitu ambacho mapishi yetu ya majani hayana, yaani shina linalotafunwa kwa mlio, lenye maji matamu ndani na uchungu mwembamba unaofuata. Anayeona hilo ni jambo dogo ana haki yake. Mimi naona kwamba familia inayokula mboga za majani kila siku ya maisha yake inastahili zaidi ya ladha moja, na tuta moja dogo pembeni ya sukuma wiki halimnyimi mtu chakula.

Kuilima si kazi ya utaalamu mkubwa. Mbegu ndogo za mviringo huota ndani ya wiki moja, na miche huhamishwa ikiwa na majani manne au matano. Huupenda udongo wenye mboji au samadi iliyooza vizuri, usio na asidi kali, na jua la kutosha. Hustawi zaidi kati ya nyuzi 18 na 28, kwa hiyo nyanda za juu kama Lushoto, Njombe au Limuru zinaifaa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wa pwani wasikate tamaa: Thailand huilima katika mabonde yenye joto, na miezi ya kipupwe huko Tanga au Mombasa inatosha kabisa. Kwenye joto mmea huwahi kuchanua kabla shina halijanenepa, na dawa yake ni kubanisha miche, sentimita 15 badala ya 25 au 30, kisha kuivuna ikiwa michanga, kama wanavyokula Hong Kong vichipukizi vyembamba vya kailani. Jambo lisilosamehewa ni kiu. Shina lililokaa na kiu siku chache hujenga nyuzi, na mvua ya baadaye haizifuti. Matandazo ya nyasi kavu na maji ya kila siku wakati wa ukavu yana faida kuliko mbolea yoyote ya ziada. Na kwa kuwa hoja yote ni ya wakati, usisie pakiti nzima kwa siku moja. Sia mbegu chache kila baada ya wiki mbili au tatu, ili kila juma liwe na mimea kadhaa iliyofikia siku zake, baada ya siku 50 hadi 70 tangu kusia. Kukata kuwe kwa kisu kikali, asubuhi mmea ukiwa umejaa maji, kipande cha sentimita 15 hadi 20, kwa mkato wa mshazari ili maji yasituame, na majani manne au matano yabaki chini. Kwapani mwa majani hayo hutoka machipukizi mapya, membamba kuliko la kwanza na kwa maoni yangu matamu zaidi. Mkulima wa biashara aking'oa tuta zima huyakosa hayo. Mwenye bustani nyumbani huyala kwa wiki kadhaa.

Wapo wanaosema ukoo wa kabichi haulimiki bila dawa za kunyunyizia, na viwavi wake ni sababu ya kutosha kuwaachia wenye mashamba. Adui mkuu ni nondo mdogo wa kijivu, Plutella xylostella, ambaye viwavi wake hutoboa majani yakabaki kama chekeche. Lakini habari za nondo huyu ni ushahidi dhidi ya dawa kuliko ushahidi wa kuzihitaji. Mwaka 1953, kisiwani Java, iliripotiwa kwamba DDT haikumwua tena, na tangu hapo amejenga ukinzani dhidi ya aina nyingi za sumu alizopigwa nazo. Ahueni kubwa katika ukanda wetu ilitoka kwa kiumbe. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao yake Nairobi, kilileta kutoka Taiwan nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, anayetaga ndani ya kiwavi wa nondo huyo, na mwaka 2002 wakaachiwa huru katika mashamba ya kabichi ya vilima vya Taita. Waliweka makazi, na nondo wakapungua. Nyigu huyo hufa kwa sumu ileile inayoshindwa kumwua nondo, kwa hiyo anayenyunyiza ovyo anamwua mlinzi wake. Kwenye bustani ya nyumbani mimea ni michache kiasi cha kugeuzwa jani kwa jani. Neti nyepesi ya bustani iliyotandazwa tangu siku ya kuhamisha miche huzuia nondo kutaga, viwavi hutolewa kwa vidole, vidukari huoshwa kwa maji, na kwa sota anayekata miche usiku inatosha kuizungushia miche kikaratasi kigumu shingoni. La muhimu zaidi ni kutorudisha kailani pale ilipotoka kabichi au sukuma wiki, kwa sababu ugonjwa wa uozo mweusi hukaa kwenye mabaki ya ukoo mzima.

Sasa jikoni, ambako kazi ni fupi na haina nafasi ya kuzubaa. Wakantoni wana njia mbili kuu, na zote mbili zinalenga kulilinda shina. Ya kwanza ni kuchemsha kwa muda mfupi. Sufuria kubwa ya maji itokote kwa nguvu, itiwe chumvi, kijiko cha mafuta na sukari kidogo. Mashina huingia kwanza, majani yakifuata baada ya nusu dakika, na yote hutolewa ndani ya dakika mbili au tatu, yakachujwa vizuri, yakapangwa sahanini na kumwagiwa mchuzi wa chaza ulioyeyushwa kwa maji kidogo ya moto. Wingi wa maji si anasa: maji machache hupoa mboga inapoingia, na mboga ikaloweka badala ya kuiva. Mafuta hubaki kama utando mwembamba juu ya majani, yaking'aa, na husaidia mwili kufyonza karotini iliyomo. Njia ya pili ni karai lenye moto mkali. Tangawizi na kitunguu saumu huingia katika mafuta yaliyopata moto, kisha mashina yaliyokatwa mshazari, kisha majani, maji kidogo ya tangawizi, chumvi, sukari, na mfuniko kwa dakika moja. Kwao hutiwa pia mvinyo wa mchele. Asiyeutumia atie maji ya tangawizi zaidi, na asiyepata mchuzi wa chaza atumie wa soya. Nyanya siitii kabisa. Asidi yake huharakisha kufa kwa rangi ya kijani, na maji yake hulazimisha kupika kwa muda mrefu kuliko shina linavyohitaji. Limau likamuliwe mezani. Wali ndio mwenzake wa kweli, maana mchuzi wake ni mwepesi, na hata Thailand, wanakoikaanga na tambi pana za mchele au na nyama ya nguruwe iliyokauka, hubaki upande huohuo wa mchele.

Wakubwa wengi wa jikoni zetu watasema mboga ya dakika mbili ni mbichi na chungu, na kwamba mboga haijaiva mpaka ilainike. Pingamizi hilo linastahili jibu la heshima, kwa sababu kupika sana kumelinda matumbo ya vizazi vilivyotumia maji yasiyo salama. Mboga ikioshwa kwa maji safi na kupita kwenye maji yanayotokota, hofu hiyo imejibiwa. Ama uchungu, unatokana na glukosinoleti, kemikali ambazo mmea hujihami nazo dhidi ya wadudu. Jani likikatwakatwa, kimeng'enya kilichotengwa nazo ndani ya seli hukutana nazo na kuzigeuza kuwa vitu vikali zaidi. Kwa hiyo kuikata kailani nyembamba kama sukuma wiki na kuiacha ikisubiri huzidisha kilekile mpishi anachokikimbia. Vipande vikubwa na moto wa ghafla hukiua kimeng'enya hicho mapema, na maji mengi huchukua sehemu ya ukali. Kupika kwa muda mrefu, kwa upande mwingine, hutoa ile harufu nzito ya kabichi iliyochemshwa kupita kiasi, na huondoka na sehemu kubwa ya vitamini C. Uchungu unaobaki usifukuzwe. Ndio unaoufanya utamu wa shina uonekane, na watoto waliozoea mnafu au mgagani hawatishwi nao.

Limebaki suala la mbegu, ambalo kwangu linaipa bustani ya nyumbani haki zaidi. Kabichi haichanui mpaka ipitiwe na baridi ya wiki nyingi, na kwa sababu hiyo mkulima wa nchi za joto hununua mbegu yake dukani kila msimu. Kailani haingoji baridi hiyo. Huchanua na kuzaa mbegu hata penye joto, na aliyeanza na aina isiyo chotara anaweza kuendelea na mbegu zake mwenyewe. Kuna sharti moja: nyuki hawatofautishi jamaa, kwa hiyo sukuma wiki au kabichi iliyochanua jirani itachanganya damu na watoto watatoka wa kila namna. Kuna pia kosa ambalo ni rahisi sana kulifanya, la kuiachia mbegu ile mimea iliyotangulia kuchanua, kwa kuwa imeshapita wakati wa kuliwa. Kufanya hivyo mwaka baada ya mwaka ni kuchagua mimea yenye haraka ya maua na shina jembamba, na siku zile chache za kukata huzidi kupungua. Mbegu ziachiwe mimea kadhaa yenye mashina manene iliyochelewa kufungua vitumba, iwekewe miti ya kuegemea, na ikatwe maganda yakigeuka rangi ya majani makavu, kabla hayajapasuka yenyewe. Yaanikwe kivulini, yapigwe ndani ya gunia, na mbegu zihifadhiwe kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mahali pa baridi. Zitaota vizuri kwa miaka mitatu au minne. Mimea iliyowahi kuchanua ikatwe mapema vitumbani na kutiwa karaini pamoja na mingine.